Seti ya EdU kwa seli shina za misuli: nyota nne kati ya tano

Mimi hufanya kazi na nyuzi za misuli ya panya zilizotengwa moja moja. Juu ya kila unyuzi, zikiwa zimebanwa chini ya utando unaoufunika, kuna seli shina ambazo Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961. Kwa kawaida zimelala. Msuli ukiumia zinaamka na kugawanyika. Nyingi hugeuka kuwa msuli, chache hurudi kulala ili akiba isiishe. Natumia seti hii kuzinasa zinapogawanyika.

Kwa kazi hiyo ni nzuri mno. Unaweka EdU kwenye kiowevu cha kuoteshea, na seli inayonakili DNA inaichukua badala ya thaimidini, kijenzi cha DNA inachofanana nacho. Baadaye shaba inaiunganisha na rangi. Wale waliotumia BrdU, kemikali ya zamani ya kazi hiyohiyo, wanakumbuka asidi ya kuifungua DNA ili kingamwili ipenye, na jinsi ilivyoweza kuharibu alama nyingine zote. Hapa hakuna asidi, na Pax7, alama ya seli hizi, inabaki safi.

Ila karatasi ya maelekezo inadai kwamba seti hii "hupima seli shina kujizalisha upya". Hapana, na dai hili linanikera kweli. Saa 48 hivi baada ya kuutenga unyuzi, utakuta seli mbili ndugu zimegandana. Pengine zimelala ubavu kwa ubavu. Pengine moja imegusa utando na nyingine imegusa unyuzi. Mwaka 2007 kundi la Michael Rudnicki lilionyesha kuwa katika mpangilio huu wa pili, ile ya upande wa utando hubaki seli shina, na ya upande wa unyuzi huwasha jeni ya Myf5 na kushika njia ya kuwa msuli. EdU inaziwasha zote mbili sawasawa! Ukitaka kujua ipi ni ipi, tia pia kingamwili za Pax7 na MyoD, alama ya seli iliyoshika njia ya msuli.

Si jambo dogo. Katika Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, seli shina zenyewe hukosa protini ya distrofini, na bila hiyo mgawanyiko unaotoa seli mbili zisizofanana huvurugika. Mtu akihesabu EdU peke yake, ataona seli zinagawanyika na kudhani mambo ni shwari.

Nyota niliyoipunguza ni ya shaba. Inafifisha mwanga wa GFP na YFP, protini zinazong'aa ambazo hutumiwa kutia seli alama, na panya wengi wa kufuatilia ukoo wa Myf5 hubeba YFP. Onyo hilo limeandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho, mahali ambapo mwanafunzi hafiki kabla ya kupoteza sampuli. Tumia kingamwili dhidi ya GFP kabla ya hatua ya shaba, au nunua toleo lenye shaba iliyodhibitiwa. EdU yenyewe usiiache muda mrefu, maana inadhuru seli.

Nitainunua tena.