TAHADHARI MBEYA: Kijana wa pikipiki "anayejaza" mitungi ya gesi kwa bei chee

Wana Mbeya wenzangu, hasa wa Sae, Ilomba na Mama John: kuna kijana anapita majumbani na pikipiki anakusanya mitungi ya gesi, anasema anakwenda kuijaza na atairudisha ndani ya saa moja. Mtungi mdogo wa kilo 6 anachukua 21,000, wakati dukani ninakobadilishia siku zote ni 25,000. Jina lake silitaji. Nasimulia nilivyopigwa, mtamtambua kwa kazi yake.

Nilimpa mtungi mwanzoni mwa Julai, siku ambayo gesi ilikata ugali ukiwa jikoni na wageni wapo sebuleni. Akarudi nao una sili nyeupe, unang'aa, nikadhani kaupangusa. Kilichonimaliza ni kwamba alikuja na mizani! Ile ya ndoano, ya kuning'inizia. Akaupima mbele yangu: 12.2. Akanionyesha namba iliyoandikwa kwa rangi ubavuni, 6.2, ndio uzito wa chuma kitupu. "Toa mwenyewe, mama." Nikatoa, nikapata 6 kamili. Nikamlipa, na 1,000 ya mafuta nikamwongezea. Mimi huyu huyu ninayewacheka watu wanaonunua gesi bila kupima.

Mtungi wa kilo 6 kwangu husukuma wiki tano, maana maharage nachemshia mkaa. Huu ulikata siku ya 21. Kabla ya hapo moto ulikuwa unafifia kila alfajiri, nikampigia, akasema ni baridi la Mbeya. Mjanja kweli, kwa sababu kuna ukweli humo: gesi ya mitungi ni propani na butani, na butani ikikaribia nyuzi 0 inagoma kugeuka mvuke, kwa hiyo asubuhi za Julai moto unaweza kuwa mdogo. Lakini baridi inapunguza presha tu, kilo haizigusi. Jua likipanda moto hurudi. Wangu haukurudi.

Nikaupeleka mtupu kwa mama mmoja wa Mwanjelwa ninakobadilishia siku zote. Akauweka kwenye mizani: 7.6. Nikamwambia rudia. 7.6 tena. Mtungi hauna kitu, una kilo 7.6, halafu umeandikwa 6.2! Akachukua kisu, akakwangua rangi kwenye ule mshikio wa juu. Rangi ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, chini yake zikaonekana alama zilizogongwa kwenye chuma: TW 7.6 (TW ndio uzito wa mtungi mtupu), na jina la kampuni tofauti kabisa na ile ambayo rangi yake imepakwa nje. Mtungi wangu haukuwa huo. Ule wangu mzuri sijui uko jikoni kwa nani, na huu mama hakuupokea, maana na yeye atampelekea nani?

Sasa pigeni hesabu. 12.2 toa 7.6 ni 4.6. Kwa 21,000 nimeuziwa kila kilo karibu 4,565. Dukani kwa 25,000 kilo ni kama 4,167. Hiyo ndiyo bei chee niliyoikimbilia, na mtungi nimepoteza juu yake.

Watu tunachanganya kubadilisha na kujaza. Dukani hujaziwi: unaacha mtupu, unachukua mwingine wa kampuni ile ile uliojazwa kiwandani, na huko ndiko wanakokagua valvu na kuondoa mitungi iliyochoka. Anayekwambia anakujazia mtaani anachofanya ni kupindua mtungi mkubwa na kufaulisha gesi kwenye mdogo, chumbani kwake au nyuma ya banda. Sheria hairuhusu. Na kilo pungufu ndiyo afadhali, kwa sababu akizidisha ni balaa: mtungi lazima ubaki na nafasi ya mvuke ndani, ukijaa kimiminika pomoni halafu ukapata joto, hicho kimiminika hakina pa kutanukia. Valvu ikivuja nayo, gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni. Na sisi wa huku kwenye baridi tunafunga madirisha, jiko la mkaa linawaka pembeni. Fikirieni wenyewe.

Kwa hiyo ukipimiwa, usisome namba ya rangi. Tafuta ile iliyogongwa kwenye chuma, kwangua kwa ukucha au ufunguo kama imefunikwa, kisha jumlisha 6 au 15 kulingana na mtungi wako; hiyo ndiyo namba mizani inayotakiwa kuonyesha. Muuzaji wa gesi anatakiwa kuwa na mizani dukani kwake, kwa hiyo kumwomba apime si kumtukana. Akinuna, hamia kwa mwingine. Piga picha alama za mtungi wako leo kabla haujaisha (mimi sikuwa nayo, ndiyo maana sina pa kuanzia). Ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwenye valvu na rejuleta, ukiona linavimba mapovu mapya funga na utoe mtungi nje. Malalamiko ya uzito yanapokelewa na Wakala wa Vipimo, ya gesi yenyewe na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji; wote wana ofisi hapa hapa Mbeya. Mtungi wenyewe nimeuhifadhi nje kama ushahidi.

Namba ya yule kijana bado inapatikana. Nikipiga kwa simu yangu hapokei. Jana nimetumia ya dada yangu, akapokea mara moja: "Shikamoo mama, nikufuatie wa 6 au wa 15?"