Kitabu cha kutambua ndege wa Afrika Mashariki: uzoefu wangu huku pwani

Wanaoanza kutazama ndege huniuliza swali lile lile: ninunue kitabu gani? Jibu langu halijabadilika. Nunua Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, na ukiweza upate toleo la pili, la 2020. Mimi nakitumia huku Malindi na Watamu, msituni na ufuoni, na nimekitegemea vya kutosha kujua kinafaa wapi na kinamsumbua wapi mtu mgeni.

Nianze na eneo, maana uamuzi wote uko hapo. Kitabu kinashughulikia nchi tano: Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Toleo la kwanza, la 2002, lilikuwa na spishi 1,388. La pili lina 1,448. Ni ndege wengi, na anayefungua kwa mara ya kwanza anaweza kuingiwa na woga. Lakini vitabu vya Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara vina spishi zaidi ya 2,000. Ukiwa Gede na kitabu cha aina hiyo, ndege mmoja wa manjano kwenye mnazi atakupitisha kurasa nzima za ndege wa Angola, Kameruni na Afrika Kusini ambao Kilifi hutawaona maisha yako yote. Wakati unapowaondoa hao mmoja mmoja, ndege wako anaondoka.

Kwa upande mwingine kuna vijitabu vya picha za kamera, vyepesi na vya bei nafuu, vyenye ndege wa kawaida peke yao. Mgeni wa siku chache mbugani vitamtosha. Kwa mkazi anayetaka kujifunza sivishauri hata kidogo, na sababu si uchache wa ndege pekee. Ubaya wake ni kwamba ukimwona ndege asiyekuwemo, utampa jina la yule aliyemo anayefanana naye, na utaondoka ukiwa na uhakika kabisa. Kitabu hakina namna ya kukuonya.

Chukua mnana, yule ndege anayesuka kiota. Huku kwetu minana wa manjano wamejaa kwenye minazi, na kwa macho ya haraka wote ni wamoja. Fungua kurasa zao katika kitabu hiki utaona wamechorwa kwa pamoja, wote katika mkao mmoja, wakikutazama kwa ubavu. Dume anayeitwa Golden Palm Weaver ana kichwa chenye rangi ya machungwa na jicho la kahawia iliyokolea. African Golden Weaver ana jicho jekundu. Ukishajua kwamba jicho ndilo la kutazama, unainua darubini na kwenda moja kwa moja kwenye jicho. Picha ya kamera haiwezi kukufundisha hivyo, kwa sababu ndege wa kwanza alipigwa picha asubuhi, wa pili jua la adhuhuri, wa tatu kageuza shingo. Mchoro unaweka wote kwenye mwanga mmoja. Brian Small, John Gale na Norman Arlott ndio waliochora, na kwa maoni yangu kazi yao ndiyo nusu ya thamani ya kitabu.

Majike ya minana ni habari nyingine. Yanafanana mno, na hata michoro mizuri haitakutoa hapo kwa urahisi. Anayeanza asijitese: aangalie dume, aangalie kiota, majike yatakuja baadaye.

Kitu cha pili ninachokipenda ni mpangilio. Michoro iko ukurasa mmoja, na ukurasa unaoukabili una maelezo pamoja na ramani ndogo ya kila ndege. Hufungui huku na kule. Na ile ramani, ambayo wengi huiruka, ndiyo ningependa watu waitumie kwanza. Ukiwa na ndege wanne wanaofanana, tazama ramani kabla hujaanza kuhangaika na rangi za mbawa. Wawili wataonekana ni wa Uganda magharibi na mmoja wa nyanda za juu za Tanzania. Aliyebaki ndiye wako, au angalau ndiye wa kuanza naye. Kwa sisi wa pwani hili lina uzito wa pekee, kwa sababu tuna ndege wenye makazi madogo sana. Clarke's Weaver yuko Kaunti ya Kilifi tu, hapatikani pengine popote duniani. Bundi mdogo wa Sokoke yuko msitu wa Arabuko-Sokoke huku kwetu na sehemu za chini za milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Kwenye ramani ya kitabu utaona doa dogo karibu na bahari, na hapo unaelewa kwa nini watu wanasafiri kutoka mbali kuja kumtafuta ndege unayeweza kumfikia kwa matatu.

Kipimo kikubwa kwangu kilikuwa Mida Creek, ule mkono wa bahari karibu na Watamu. Maji yakipwa, tope linajaa vitwitwi, ndege wa ufuoni wanaotafuta chakula topeni, wengi wao wahamaji wanaozaliana Ulaya na Asia na kukaa kwetu tangu karibu Septemba hadi Aprili. Hapa ndipo vitabu vya Ulaya vinapompoteza mtu. Curlew Sandpiper akiwa kwao wakati wa kuzaliana ni mwekundu kama tofali. Huku anafika akiwa wa kijivu na nyeupe, na kinachomtambulisha ni mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini na kiuno cheupe anaporuka. Kitabu cha Stevenson na Fanshawe kinaonyesha mavazi yote mawili, yaani manyoya ya wakati wa kuzaliana na yale ya kijivu. Ikifika Machi na Aprili, baadhi yao wanaanza kupata wekundu kabla hawajaondoka, na kwenye kundi moja utaona wa kijivu, wa madoadoa na wale wanaokaribia kuwa wekundu kabisa. Bila michoro ya hali zote mbili utadhani ni ndege watatu tofauti.

Kwa kuanzia pale Mida, ningemshauri mtu awaache kwanza wale wadogo wa kijivu. Amtafute Crab-plover, mkubwa, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, hakosewi. Kisha Terek Sandpiper, mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu mifupi ya machungwa, anayekimbia huku na kule kama amepoteza kitu. Ukiwa na hao wawili una pa kusimama.

Sasa yanayosumbua. Kitabu kiko kwa Kiingereza, na Kiingereza chake ni cha kubana, sentensi fupi zilizojaa istilahi za sehemu za mwili wa ndege. Mwanzoni kuna mchoro unaoonyesha kila sehemu inaitwaje. Uusome kabla ya kutoka nyumbani. Asiyekisoma Kiingereza vizuri bado atafaidi, kwa kuwa michoro na ramani hazihitaji lugha. Vijana ninaowafahamu wameandika majina ya Kiswahili na ya Kigiriama kwa penseli pembeni, shore, chozi, mdiria, kwarara, na kitabu kimekuwa chao kwelikweli. Uzito nao upo. Si cha kuweka mfuko wa shati, na ukitembea siku nzima utausikia begani. Maandishi ni madogo, kwa hiyo mwenye miwani ya kusomea asiiache nyumbani.

Bei ni kikwazo cha kweli kwa wengi, sitaificha. Kama hela haitoshi, nakala iliyotumika ya toleo la 2002 bado ni kitabu kizuri. Utakosa ramani zilizosahihishwa na baadhi ya majina yamebadilika, lakini mnana ni yule yule na jicho lake ni lile lile. Nakala ya fotokopi nyeusi na nyeupe usiichukue hata ukipewa bure. Bila rangi haikusaidii.

Kuna wanaoniambia vitabu vimepitwa na wakati, simu inatosha. Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege iliyotengenezwa na Cornell Lab ya Marekani, naitumia pia na naipenda. Ni ya bure, unapakua kifurushi cha eneo lako ukiwa na mtandao, kisha unaitumia msituni bila bando. Sauti za ndege zimo, na hapo kitabu hakiwezi kushindana nayo, kwani sauti iliyoandikwa kwa herufi haimfundishi mtu mengi. Ndani ya Arabuko-Sokoke, ambako unasikia ndege kumi kabla ya kumwona mmoja, simu ina kazi kubwa. Ila programu hukupa jina, na ukishapewa jina unaacha kutazama. Kitabu kinakulazimisha ulinganishe, na ukilinganisha ndipo unapojifunza. Mimi hutazama, hufungua kitabu, huamua, kisha ndipo nikaangalia simu.

Kwa wa Kenya, kipo pia kitabu cha Kenya na kaskazini mwa Tanzania cha Zimmerman, Turner na Pearson, kilichotoka kwanza 1996. Ni hazina, lakini ni cha mtu aliyekwisha kuanza. Kwa wa Nairobi, kabla hujanunua chochote, nenda matembezi ya kutazama ndege ya Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe na mazingira, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa asubuhi za Jumatano. Yamekuwepo tangu 1971, na pale utaona watu wakivitumia vitabu hivi mkononi. Huku pwani, waongozaji wa Arabuko-Sokoke wanawajua ndege hawa kwa mlio tu. Lipia asubuhi moja na mmoja wao, ukiwa na kitabu chako, na umwombe akuonyeshe kila ndege kwenye ukurasa wake.

Na ukifika dukani usifungue kurasa za tai na heroe, maana hao hupendeza katika kila kitabu. Fungua vitwitwi. Tazama kama kila mmoja amechorwa akiwa kwenye vazi la kijivu, kama ramani iko ukurasa huo huo, na kama unaweza kusoma maandishi bila kukodoa macho. Halafu fungua minana, utafute macho yao. Kama rangi ya jicho haionekani, rudisha kitabu kwenye rafu.