Tahadhari kwa wanunuzi wa kamba mikoani: "mzigo wa Feri" wa bei nafuu unaofika ukiwa barafu

Ndugu wenye migahawa, wapishi wa shughuli, mama lishe na wote mnaoagiza kamba kwa jumla kutoka Dar es Salaam,

Ninawaandikia kuwatahadharisha juu ya muuzaji mmoja, ambaye huenda ni kundi la watu wanaotumia namba tofauti, anayejitambulisha kwenye makundi ya WhatsApp kuwa ana meza katika Soko la Samaki la Kimataifa Feri na kwamba anapokea kamba moja kwa moja kutoka kwa wavuvi wa delta ya Rufiji. Anatangaza kamba wakubwa kwa bei iliyo chini sana ya bei ya wenzake, anataka nusu ya fedha kabla ya kufunga mzigo na nusu nyingine mzigo ukishapakiwa kwenye basi. Baada ya hapo, ama haonekani tena, ama anatuma kitu ambacho ukikiyeyusha unakuta umenunua maji. Sitaji jina analotumia wala namba zake, kwa sababu anazibadilisha kila mara na malalamiko yamekwisha kufikishwa polisi. Ninachotaka mkifahamu ni namna anavyofanya kazi, ili mumtambue hata akija kwa jina jingine.

Wanaolengwa zaidi ni wanunuzi wa Dodoma, Morogoro, Iringa na mikoa mingine ya bara, na sababu yake iko wazi. Mnunuzi aliyeko Kigamboni au Kariakoo anaweza kufika Magogoni, liliko soko hilo, alfajiri, akasimama mnadani, akauona mzigo na kuugusa. Aliyeko Dodoma anategemea picha na maneno ya mtu. Tapeli huyu anaijua nafasi hiyo na anaitumia vizuri: atakupigia simu ya video akiwa sokoni kweli, utasikia dalali akinadi na utaona mabeseni ya kamba yamejaa, lakini mabeseni hayo ni ya watu wengine na yeye ni mpita njia kama wapita njia wengine. Mtu kuwa ndani ya soko si ushahidi kwamba ana biashara humo.

Mzigo mmoja niliushuhudia mwenyewe ukifunguliwa katika jiko la mgahawa ambao mwenyewe ni mtu wangu wa karibu. Alikuwa ameagiza kilo 10 za kamba wakubwa wenye vichwa kwa shilingi 150,000, yaani shilingi 15,000 kwa kilo, wakati ambapo wauzaji wengine wiki hiyo walikuwa wakimtajia shilingi 22,000. Ndani ya deli kulikuwa na bonge moja lililoganda, limefungwa nailoni nyeupe. Kwa juu lilipendeza: safu ya kamba wakubwa waliopangwa kichwa kwa mkia, magamba yakiwaka chini ya barafu. Tuliliweka juu ya chujio kubwa, ndoo ikiwa chini, tukaliacha liyeyuke lenyewe bila kulimwagia maji. Safu ya juu ilipoachia, chini yake walitokea kamba wadogo wa kidole, wengine wamekatika, na katikati kabisa kulikuwa na vichwa vitupu pamoja na kipande kizima cha barafu kisicho na kamba hata mmoja. Maji yalipokoma kuchuruzika tulipima. Mizani ilisoma kilo 6 na gramu 200.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Shilingi 150,000 ukizigawanya kwa kilo 6.2 unapata zaidi ya shilingi 24,000 kwa kilo, yaani bei iliyo juu kuliko ile ya wauzaji aliowakataa kwa kuwaona ni wa ghali, na hapo sijahesabu kwamba sehemu kubwa ya kilo hizo ni kamba wadogo ambao sokoni wana bei yao ya chini. Mteja wa namna hii mara nyingi hagundui, kwa sababu mpishi anayeyusha mzigo chini ya bomba usiku, maji yanakwenda na ushahidi, na asubuhi kinachoonekana ni sufuria ya kamba tu.

Ni vyema kueleza hapa jambo la barafu, maana tapeli huyu akibanwa hujitetea kwamba kamba wote wa kugandishwa wana barafu. Ni kweli kwamba viwanda huwapaka kamba tabaka jembamba la barafu ili wasikauke na kubadilika rangi ndani ya friza, na hilo halina ubaya. Lakini kiwango cha Codex cha kamba wa kugandishwa, ambacho ni kiwango cha kimataifa cha vyakula chini ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, kinataka uzito unaotangazwa uwe uzito wa kamba wenyewe bila kuhesabu barafu hiyo. Barafu inatunza mzigo. Haiuzwi kwa bei ya kamba. Kwa hapa kwetu, kumuuzia mtu uzito usiotimia ni kosa chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo ndio wenye mamlaka ya kulisimamia hilo. Kwa hiyo muuzaji anapokuambia "hiyo ni kawaida ya biashara", usikubali.

Hila yake ya pili iko kwenye saizi, na hii imewapata hata watu wenye uzoefu. Kamba waliokatwa vichwa hupangwa kwa idadi yao katika ratili moja, yaani gramu 454 hivi. Ukiona boksi limeandikwa 16/20, maana yake ni kamba 16 hadi 20 kwa ratili, sawa na kamba 35 hadi 44 kwa kilo, nao ni wakubwa kwelikweli. Kamba wenye vichwa, kwa kawaida, huhesabiwa kwa kilo. Sasa tapeli anakutumia picha ya boksi lenye 16/20, mnakubaliana bei ya "saizi 16 hadi 20", halafu anakuletea kamba wenye vichwa na kudai kwamba mlikubaliana saizi tu, hamkutaja vichwa. Kichwa cha kamba kinachukua zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Kilo moja ya kamba wazima, ukiondoa vichwa na kumenya magamba, inakubakishia takribani nusu kilo ya nyama ya kupika. Mwenye mgahawa aliyepanga sahani zake kwa hesabu ya kamba wasio na vichwa anajikuta amepungukiwa pakubwa, na wageni wamekwisha kuketi. Kwa hiyo makubaliano yenu yaandikwe kwa ujumbe, si kwa mdomo, na yataje mambo haya yote: wenye vichwa au wasio na vichwa, wamemenywa au hawakumenywa, wangapi kwa kilo, na uzito ukiwa umepimwa baada ya barafu kuyeyuka na maji kuchuruzika. Muuzaji mwaminifu hatakasirika kuulizwa hivyo. Huyu tunayemzungumzia alipoulizwa na mnunuzi mmoja wa Morogoro alimtukana na kumwondoa kwenye kundi.

Kuhusu bei, naomba niseme jambo ambalo watu wa bara hawalisikii mara kwa mara. Kamba hawana bei moja mwaka mzima, wala mwezi mzima. Wanakulia kwenye mikoko na midomo ya mito, ndiyo maana delta ya Rufiji, pamoja na pwani ya Bagamoyo na Saadani ambako Ruvu na Wami zinamwaga maji baharini, ndizo sehemu zinazotajwa zaidi kwa kamba nchini. Mvua za masika zinapojaza mito, kamba huongezeka na bei hulegea. Ndani ya mwezi pia kuna tofauti, kwani wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka kwa nguvu na wavuvi wa kamba hupata zaidi, ilhali wakati wa maji mafu, yaani maji yanapopanda na kushuka kidogo tu, mzigo unakuwa haba na mnadani bei inapanda. Aliyewahi kununua kamba Feri kwa muda anajua kwamba hata muuzaji aliyemzoea atamwambia leo subiri, mzigo ni mdogo. Tapeli huyu ana bei ileile ya chini na mzigo uleule mwingi wakati wowote utakaompigia, iwe kiangazi, iwe masika, iwe bamvua, iwe maji mafu. Kwangu mimi hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote, na ningependa kila mnunuzi aizingatie kabla hata ya kutazama picha.

Upo pia upande wa afya, nao nitausema kwa kifupi. Kamba akishakufa, asipowekwa kwenye barafu ya kutosha, huanza kupata weusi kuanzia kichwani. Viwandani huzuia weusi huo kwa dawa ya jamii ya salfaiti, na Codex inaruhusu isizidi miligramu 100 kwa kilo ya nyama mbichi. Kwa wachuuzi wadanganyifu dawa hiyo inatiwa kwa kukisia, ili kamba waliokwisha kuchoka waonekane wapya, na mtu mwenye pumu anaweza kupata shambulio baya kwa kula salfaiti nyingi. Mzigo tulioufungua ulikuwa na harufu kali ya kuwasha puani iliyobaki hata baada ya kuosha. Kamba wa chini walikuwa na vichwa vilivyolegea, vinavyoachia kwa kuguswa tu, na walipowekwa kwenye kikaango walitoa maji mengi yenye povu na kusinyaa. Hatukuwapelekea wageni.

Tukija kwenye malipo, mtindo wake ni kuharakisha. Atakuambia basi linaondoka Stendi ya Magufuli baada ya nusu saa, kwamba amekwisha kumlipa dalali, kwamba kuna mteja mwingine amesimama pembeni na fedha mkononi, na atakusisitiza utume na ya kutolea. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala halifanani na jina alilojitambulisha nalo. Ukimuuliza anasema ni laini ya mke wake, au ya kijana wake wa dukani. Hapo usiendelee. Ukishatuma, kuna waliopigiwa tena na kuambiwa kwamba gari limezuiwa njiani na maofisa wa uvuvi na kinahitajika kiasi kingine kwa ajili ya kibali. Kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi ni jukumu la anayesafirisha, na kinapatikana kabla mzigo haujatoka, kwa hiyo hakuna sababu ya mnunuzi kukilipia mzigo ukiwa barabarani.

Njia iliyo salama kwa mnunuzi wa mbali ni kuwa na mtu wake Dar es Salaam, ndugu au kijana wa kuaminika, afike sokoni, apime mzigo kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, ahesabu kamba wa kilo moja aliowachota katikati ya beseni badala ya juu, na alipe palepale. Gharama ya kumlipa mtu huyo nauli na posho ni ndogo kuliko kilo zilizopotea katika bonge moja la barafu. Asiyekuwa na mtu aombe lipa namba yenye jina la biashara, na awasiliane na uongozi wa soko kuuliza kama mfanyabiashara huyo anafahamika na anafanyia kazi upande gani. Na kama mnakubaliana malipo ya awali, yawe madogo, mengine yalipwe mzigo ukishapimwa mbele yako.

Naomba tahadhari hii isichafue jina la Feri. Pale wapo wachuuzi waliojenga majina yao kwa miaka mingi, wapo akina mama wanaoketi tangu alfajiri wakimenya kamba kwa mikono na kukurudishia hata vichwa vyako ukivitaka kwa ajili ya supu, na hao ndio wanaoumizwa kila mteja wa mikoani anapoacha kuagiza kwa sababu ya kudanganywa na mtu asiye na hata ndoo yake sokoni.

Aliyekwisha kutapeliwa asifute chochote. Hifadhi ujumbe wa muamala, mazungumzo, picha alizotuma na risiti ya basi, na ukifungua mzigo rekodi video tangu nailoni inapokatwa hadi mizani inaposoma uzito wa mwisho. Piga simu kwa huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia mara moja, kwa kuwa fedha zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirudisha. Ujumbe wa utapeli utume kwenda namba 15040, ambayo imewekwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa ajili hiyo, kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako, maana udanganyifu wa namna hii unaangukia pia chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kwa sasa tangazo linalosambaa lina picha ya maboksi ya kilo 2 yaliyopangwa juu ya kigae cheupe, na maneno kwamba bei ni ya siku tatu tu kwa wateja wa Dodoma na Iringa. Picha hiyohiyo, na kigae hichohicho, ilitumika kwenye tangazo la awali lililoleta bonge nililolieleza. Ukiipokea usitume fedha yoyote, na umjulishe aliyekutumia, kwa kuwa huenda naye anaisambaza kwa nia njema bila kujua.