Kuinua shingo kwa upasuaji: huduma yenye jina la biashara au ya kawaida?

Mtu anayetaka kurekebisha shingo iliyolegea nchini Marekani hukuta huduma za aina mbili. Ya kwanza huuzwa kwa jina la biashara lililosajiliwa na hutangazwa kwa ahadi ya upasuaji mfupi, ganzi badala ya dawa ya usingizi, na kurudi kazini baada ya siku chache. Ya pili haina jina la kuvutia: ni upasuaji ambao daktari bingwa wa upasuaji wa plastiki huupanga kulingana na jinsi anavyoikuta shingo yenyewe. Katika tathmini hii naipa ya pili alama za juu zaidi, ingawa ya kwanza nayo ina watu inaowafaa.

Jina la biashara lililovuma kuliko mengine lilikuwa Lifestyle Lift, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2001 na daktari David Kent katika jimbo la Michigan, ikaenea hadi kuwa na vituo katika miji mingi, huku mwimbaji Debby Boone akiisifu katika matangazo yake ya televisheni. Kilichouzwa kilikuwa toleo fupi la upasuaji wa uso na shingo, lililofanywa kwa ganzi kwa muda wa kama saa moja. Mwaka 2009 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola 300,000 katika makubaliano na Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, baada ya kubainika kuwa wafanyakazi wake waliagizwa kujifanya wateja walioridhika na kuimwagia sifa mtandaoni. (Anayesoma tathmini hii ana haki ya kunitilia shaka mimi pia.) Kisha, Machi 2015, ikafunga vituo vyake kwa ghafla. Tukio hilo la mwisho ni zito, kwa sababu shingo iliyopasuliwa huhitaji kuangaliwa tena baada ya wiki, baada ya miezi, na mara nyingine baada ya mwaka, na mgonjwa aliyeifuata kampuni kwa sababu ya tangazo, pasipo kumjua vizuri daktari atakayemshonea, hubaki hajui amrudie nani.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba kila njia yenye jina ni chambo. Njia iitwayo MACS, ya madaktari Patrick Tonnard na Alexis Verpaele wa mjini Ghent, Ubelgiji, nayo hutumia mkato mfupi, lakini wenyewe waliieleza hatua kwa hatua katika maandiko ya kitabibu, ili daktari yeyote aliyefunzwa aweze kuitumia na wenzao waweze kuipima na kuikosoa. Zipo pia huduma za uzi, kama MyEllevate, ambapo uzi hupitishwa chini ya ngozi ya shingo kupitia matundu madogo, daktari akiongozwa na kifimbo chenye mwanga kwenye ncha. Kwa mtu wa makamo ya mapema ambaye ngozi yake bado inanyumbuka na ambaye kasoro yake ni pembe tu ya kidevu na shingo, sioni sababu ya kumzuia. Tatizo huanza pale uzi huohuo unapouzwa kwa mtu mwenye ngozi nyingi inayoning'inia, kwani uzi hauondoi ngozi.

Tofauti kubwa niliiona nilipomsindikiza dada yangu mkubwa kwenda kupata ushauri katika sehemu mbili, ambazo sitazitaja. Katika kituo chenye jina la biashara, aliyetupokea na kukaa nasi kwa muda mrefu zaidi alikuwa mshauri wa wateja, mtu mchangamfu na mwenye adabu, aliyekuwa na picha za kabla na baada na punguzo la bei kwa atakayelipa amana siku hiyohiyo. Aina ya upasuaji ilikuwa imekwisha kuamuliwa kabla hata dada hajavua mtandio. Kwa daktari bingwa, dada aliambiwa akaze meno na kuuvuta mdomo wa chini pembeni, na papo hapo kamba mbili za msuli zikajitokeza wima shingoni, ambazo hakuna picha yoyote tuliyoonyeshwa awali iliyokuwa nazo. Daktari akafinya nyama ya chini ya kidevu kwa vidole viwili, kwanza msuli ukiwa umelegea, kisha ukiwa umekazwa, akaeleza kwamba kinachobaki vidoleni msuli ukikazwa ni mafuta yaliyo juu yake, na kinachoponyoka ni yale yaliyo chini, ambayo mrija wa kunyonya mafuta hauyafikii kwa urahisi.

Hapo ndipo upasuaji wa kawaida unapojipatia alama zake. Shingo hulegea kwa sababu tatu ambazo huweza kuwepo pamoja: ngozi, mafuta, na msuli mwembamba mpana uitwao platisma. Daktari hukata mkato mfupi chini ya kidevu, hupunguza mafuta, kisha huzishona kingo mbili za msuli huo katikati, kushuka chini kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Njia hiyo ilielezwa na daktari Joel Feldman mwaka 1990 na bado inatumika. Ngozi ikiwa imezidi, huongezwa mkato unaozunguka nyuma ya sikio. Mwenye mafuta pekee hatahitaji haya yote, na daktari mwaminifu atamwambia hivyo, hata kama maana yake ni malipo madogo zaidi.

Gharama zake ni kubwa, na uponyaji si wa mwisho wa wiki. Uvimbe na michubuko huchukua takribani wiki mbili kabla ya mtu kujisikia huru kutoka, bandeji ya kubana huvaliwa siku za mwanzo, na ndewe la sikio huweza kubaki limekufa ganzi kwa miezi. Hatari inayoogopwa zaidi ni damu kukusanyika chini ya ngozi, hasa katika saa 24 za kwanza, na mwenye shinikizo la juu la damu yumo hatarini zaidi. Anayevuta sigara huhatarisha ngozi yenyewe kufa. Bei pia isomwe kwa makini katika huduma zote mbili, maana mara nyingi inayotajwa ni ya daktari tu, pasipo chumba cha upasuaji wala mtoa dawa ya usingizi, na bima ya afya kwa kawaida hailipii upasuaji wa urembo.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi lipo swali ambalo kituo cha kwanza hakikuliuliza kabisa, nalo ni la makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda. Yule daktari bingwa alizitazama ndewe za dada mahali alipotobolewa, akaomba kuona kovu la chanjo ya kifua kikuu mkononi, akauliza kama kuna ndugu wa damu mwenye makovu ya namna hiyo. Kovu la nyuma ya sikio halifichiki likivimba, na ahadi ya mkato mfupi haimsaidii mtu ambaye hata tundu la hereni lilimvimbia.

Kituo cha kwanza kilikuwa tayari kumpa dada nafasi wiki hiyohiyo. Daktari bingwa alimpima shinikizo la damu, akakataa kupanga tarehe, akamwandikia barua ya kumpelekea daktari wake wa kawaida, na kumtaka arudi litakapokuwa limetulia.