Nimelipa laki tatu na nusu kufundishwa ukuu wa shule, tathmini yangu hii hapa

Wakuu habari zenu, na wale wakuu wa shule kabisa nawasalimu mara mbili.

Mwezi wa sita nilienda semina ya siku tatu ya uongozi wa elimu pale Morogoro, imeandaliwa na kampuni moja binafsi, jina nawasitiri maana sitaki kumwagia mtu mchanga kwenye ugali wake, ila mwalimu mwenzangu ukiona tangazo la namna hiyo ujue unanunua nini. Ada 350,000, chai na chakula cha mchana humohumo, kulala ujitegemee. Posho yetu ya madaraka ni 250,000 kwa mwezi, so piga hesabu mwenyewe.

Mimi nilikuwa na miezi minne tu tangu nitoke umakamu. Barua ya uteuzi nimepewa Ijumaa, Jumatatu niko ofisi ya mkuu, shule ya kata, nimeshika rundo la funguo sijui ipi ya stoo ipi ya maabara. Sasa tangazo linasema "kutoka mwalimu hadi kiongozi", we unadhani nilifikiria mara mbili?

Siku ya kwanza kwakweli sina la kuwasaidia. Kijana kavaa suti kali, maneno yanatiririka, asubuhi mpaka jioni ni maono na dhamira na aina za viongozi, tukachorishwa mti mizizi yake ndo maadili. Afu slaidi zote zimetolewa Marekani, mkuu wa shule kule anafanya usaili, anachagua walimu anaowataka, asiyefanya kazi anaonyeshwa mlango. Dada mmoja wa Kilosa akanyoosha mkono akauliza, mimi ajira inatoka serikalini huko juu, nidhamu ya mwalimu iko Tume ya Utumishi wa Walimu, mwalimu wangu asipofika wiki nzima nafanyaje? Kijana akajibu "unamhamasisha". Ukumbi mzima ulicheka na yule dada hakuuliza tena mpaka tunaondoka.

Siku ya pili ndo niliyoifuata mimi. Ratiba imeandika mifumo, yani ile ya kompyuta ya serikali, na mifumo ndo inayotutoa jasho, hela ya shule iko FFARS, manunuzi toka 2023 ni NeST, kujipima utendaji PEPMIS, na kila mmoja una neno lake la siri na siku yake ya kugoma. Tulipewa masaa mawili. Lisaa la kwanza intaneti ya hoteli haikamati, lisaa la pili tunaangalia picha za skrini zimepigwa zamani mpaka menyu zimeshahama. Nikauliza swali langu la ujenzi, maana mkuu wa shule ya serikali siku hizi ni nusu mwalimu nusu msimamizi wa mafundi, si mnakumbuka yale madarasa ya hela za UVIKO (korona), milioni 20 kwa darasa, unatumia fundi wa hapohapo mtaani, unaunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, saruji ikipanda bei katikati ya kazi hela haiongezeki na jina litakaloitwa ni la kwako. Nikauliza hapo unajipangaje. Jibu: "hilo wasiliana na mhasibu wa halmashauri". Yani nimetoka kwangu nimepanda basi mpaka Moro kuambiwa nikamuulize mtu ambaye ofisi yake naipita kila nikienda benki.

Chakula kilikuwa kizuri lakini, lazima niseme. Pilau ya siku ya pili sijui alipika nani.

Sasa siku ya tatu, kipindi cha mwisho, watu wameshaanza kuulizia vyeti na nauli, akaletwa mzee mmoja mkuu wa shule mstaafu. Hana slaidi, maiki kaikataa, kashika kaunta buku limechakaa na mada yake ni moja tu, makabidhiano. Anasema usisaini hati ya makabidhiano ofisini, isaini ukiwa umesimama stoo umeshahesabu. Madeni ya wazabuni yaandikwe kwa jina la mtu na kiasi, sio "madeni mbalimbali". Dai hoja za ukaguzi, yani maswali ya wakaguzi wa hesabu, ambazo hazijafungwa, maana mwenzako akihama hoja haihami naye. Badilisha watia saini benki kabla hujatumia hata shilingi. Halafu akasema kabla hujakaa na walimu kaa na mlinzi na mama wa jikoni, hao ndo wanajua nini kilitoka usiku. Dakika 40 tu, watu tukaacha kuangalia saa.

Mwenzenu nimekaa pale moyo unanienda mbio. Mimi nilisaini yote siku ya kwanza, kwenye kiti, nacheka. Mwezi wa pili kaja mzabuni wa mahindi na daftari lake anadai milioni moja na laki nane za kabla yangu, kwenye hati yangu hakuna hata mstari.

Kwahiyo nyota mbili kati ya tano, na zote ni za mzee, pilau nimeihesabu kwenye nauli. Kama una nafasi ya kusoma kwa utulivu nenda ADEM Bagamoyo, chuo cha serikali cha uongozi wa elimu, ile iliyoanza 1979 kwa jina la MANTEP, wana kampasi Mwanza na Mbeya pia. Makamu wangu kasoma stashahada ya uongozi pale na mambo ya bajeti ananizidi waziwazi, sioni aibu kusema. Wale wa Moro nao wakimpa mzee siku zote tatu, laki tatu na nusu nitalipa tena.

Cheti kipo kwenye droo. Jumatatu nilivyorudi nilimwita mtunza stoo tukaanza kuhesabu upya, viti viko 212, hati niliyosaini inasema 260.