MRI ya titi Upper Hill: kwa mashine sina neno, kwa mapokezi ninayo mengi

Mimi ni msusi Kenyatta Market, Nairobi, kwa hivyo kituo hiki cha picha nilikiendea kwa miguu. Jina lake sitalitaja, kwa sababu ya haya nitakayosema kuhusu mapokezi. Kinyama cha uvimbe wa titi langu kilishatolewa kwingine kikapimwa, na majibu yakasema saratani ya hasi tatu, ile ambayo dawa za homoni na za HER2 (protini inayokuza baadhi ya saratani) haziigusi. Daktari wangu akataka MRI, picha za mashine ya sumaku, kabla ya kemo, aone uvimbe umeenea kiasi gani.

Niliambiwa nifike saa mbili asubuhi. Niliingia kwenye mashine saa saba na nusu. M-Pesa ilikatwa mara mbili, na ile ya pili imerudi baada ya siku tisa za kupiga simu. Hiyo ni pesa ya Desemba, msimu ambao nasuka hadi vidole vinakufa ganzi. Na ni pale mlangoni ndipo naambiwa kwanza nitolewe damu ya kupima figo, kwa ajili ya dawa ya kung'arisha picha watakayonidunga. Hilo si la kuambiwa kwa simu jamani?

Kwenye mashine mambo yalibadilika. Chuma hakiingii mle, na mimi nilikuwa nimejipamba pete 14 za bati kwenye nywele. Kijana wa mashine akanishikia trei ndogo nikizichomoa. "Mama, bado moja huku nyuma." Hakunikimbiza. Unalala kifudifudi, matiti yananing'inia kwenye matundu mawili, hakuna kubanwa kama kwenye mamogramu. Kelele ni ya mtu anayegonga mabati karibu na sikio lako, na wamekuziba masikio. Dawa ikiingia, mkono unapata ubaridi hadi begani.

Nyota nampa daktari wa picha. Binti yangu alikuwa amesoma kwenye simu kwamba siku hizi MRI inaonyesha kama kinga ya mwili inapigana na uvimbe, nikauliza. Wengine wangesema "muulize daktari wako." Huyu alivuta kiti, akageuza skrini.

Picha zinapigwa kabla ya dawa, kisha tena na tena baada yake, ndiyo unaona uvimbe unavyoinywa na kuitema. Nikamwambia ni kama rangi ya nywele: kichwa kimoja kinaishika sawasawa, kingine kinatoka madoa madoa. Akacheka, akasema hapo hapo. Watafiti wameona kwamba baadhi ya uvimbe wa hasi tatu wenye limfosaiti nyingi ndani yake, yaani askari wa mwili, huwa wa mviringo, kingo laini, na ile dawa inashika sawasawa. Kompyuta nazo zinafundishwa kuhesabu chembechembe za picha ambazo jicho haliwezi kuzitenganisha.

Nikaanza kufurahi, maana wangu ni wa mviringo. Akanikata hapo hapo: "Dada, umbo peke yake halina ushahidi." Kingo laini zinaweza kumdanganya hata daktari akadhani ni uvimbe usio na madhara. Akasema hayo bado ni ya utafiti. Askari wanahesabiwa na mtu wa maabara, kwa darubini, kwenye kile kinyama kilichopakwa rangi. Akaniandikia kikaratasi nimpelekee daktari wangu, aulize maabara kama walikadiria hao limfosaiti. Hawakuwa wamekadiria. Kioo chenye kile kinyama kilikuwa bado kipo, wakakisoma upya.

Kwa nini nijali? Kuna pembrolizumab, dawa inayowafungua askari hao breki. Marekani waliikubali mwaka 2021 itolewe pamoja na kemo kwa hasi tatu iliyogunduliwa mapema ikiwa na hatari kubwa ya kurudi. Bei yake usiulize ukiwa umesimama.

Ripoti nilipewa siku ya pili, na picha kwenye CD. Nani ana mahali pa kuichezea CD leo? Daktari wangu mwenyewe alizunguka na ile sahani vyumba vitatu.

Mapokezi nyota moja, mashine nne, daktari tano. Beba majibu ya figo mkononi. Na kama umesukwa na pete za bati, pitia kwangu kwanza, nakutolea bure.