Kozi ya bure ya Pixar na Khan Academy: inasaidia kwenye kazi au ni ya wachora katuni tu?

Nianze na jibu maana najua wengi hamfiki mwisho: inasaidia, ila sio yote, na faida yake kubwa wala sio ile iliyokusudiwa. Kozi inaitwa The Art of Storytelling (sanaa ya kusimulia hadithi), ipo Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, ndani ya Pixar in a Box, mfululizo wa masomo waliotengeneza na Pixar, studio ya filamu za katuni, ilitoka 2017 na ni bure kabisa, hakuna wa kukuomba namba ya kadi. Unaangalia video fupi fupi za watu wa Pixar wakiongea kuhusu kazi yao, mmoja wapo Pete Docter, mwongozaji wa filamu ya Up, halafu unapewa zoezi. Video nilizoangalia ni za Kiingereza, lugha nyepesi tu.

Sasa hii ni kozi ya watu wanaotaka kutengeneza filamu, usiingie ukitegemea somo la sivii au intavyuu. Mimi niliifuata kwa sababu za kazi, yaani nimechoka na lile swali la "tuambie kuhusu wewe" ambalo watu wazima wenye uzoefu wao wanalijibu kama wanasoma orodha ya vitu vya kununua.

Somo linalobeba kozi nzima kwa mtu kama mimi ni la muundo wa hadithi. Wanatumia kile kiunzi cha Kenn Adams, mtu wa maigizo ya papo kwa papo aliyekitunga 1991 (kwa hiyo sio mali ya Pixar asili yake, ingawa mtandaoni kila mtu anawapa wao sifa). Kinakwenda hivi: hapo zamani za kale, kila siku, mpaka siku moja, kwa sababu hiyo, kwa sababu hiyo, mpaka mwishowe. Ukikiangalia haraka unaona ni kitu cha watoto, lakini jaribu kumwaga historia yako ya kazi humo uone unapokwama. Utakwama kwenye "kwa sababu hiyo". Wengi wetu tunasimulia kwa "halafu": nilisoma uhasibu halafu nikaajiriwa halafu nikahama halafu nikapandishwa cheo, na msikilizaji hajui wewe ulifanya nini hapo katikati, ni kama vyeo vilikuwa vinakuja vyenyewe.

Linganisha na hii: kila mwezi hesabu zilikuwa zinafungwa kwa kuchelewa, mpaka siku moja mteja mkubwa akaondoka, kwa sababu hiyo nikaanza kufuatilia risiti moja moja nikakuta zinalala kwenye meza za watu kabla ya kuingizwa kwenye mfumo, kwa sababu hiyo nikaomba ziingizwe siku ileile zinapofika, mpaka mwishowe tukawa tunafunga kwa wakati. Mhasibu ni yule yule na cheo ni kile kile, ila sasa bosi ameona kichwa chako kinavyofanya kazi. Ndio maana nikamwelewa Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, ambaye mwaka 2004 aliwakataza wakubwa wa Amazon kuja na PowerPoint mikutanoni, akataka maandishi yenye masimulizi kamili, maana orodha za nukta nukta kwenye slaidi zinakuruhusu kuruka sababu na hakuna atakayegundua.

Na sio ofisini tu. Ukienda kwa daktari ukasema "najisikia vibaya, kichwa, tumbo, nimechoka" anabaki kukuchimba maswali, ila ukimwambia nilikuwa mzima mpaka siku fulani nikaanza dawa fulani, baada ya hapo usingizi ukakata, umempa pa kuanzia. Hata kuombana msamaha nyumbani, we jaribu tu.

Somo la wahusika nalo zuri, wanatenganisha kile mtu anachokitaka na kile anachokihitaji, na wanasisitiza vikwazo. Hapo ndipo watu wa intavyuu tunapofeli, tunaficha kikwazo tukidhani kinatuchafua kumbe bila kikwazo hakuna cha kusimulia. Masomo ya picha na lugha ya kamera mimi yalinichosha, sio mabaya ila sioni ntayapeleka wapi.

Kinachonikera ni kimoja: nilitamani waseme kitu kuhusu ukweli. Kwenye katuni hakuna shida, unabuni utakavyo, lakini ukihamishia mbinu hizi kwenye kazi ujue zinafanya kazi hata kwa mwongo. Elizabeth Holmes wa Theranos, kampuni ya Marekani ya vipimo vya damu, alikuwa na hadithi tamu kuliko zetu zote, wawekezaji wakatoa pesa, na Januari 2022 akakutwa na hatia ya kuwalaghai. Kwa hiyo ukijaza kiunzi chako, kila "kwa sababu hiyo" iwe ni kitu unachoweza kukitetea mtu akikuuliza mara ya pili, na wanaojua kuhoji watauliza tu.

Kama una haraka anza na muundo, rudi kwa wahusika, malizia na lile la kuwasilisha wazo na kupokea maoni, ambalo ni muhimu kwa yeyote anayepeleka mapendekezo kwa bosi. Mazoezi yafanye kwa kusema kwa sauti, sio kuandika tu, maana kwenye intavyuu hutasoma. Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya Holmes.